Siku Waliyomkumbatia Tata

Nikipita gengeni nikasikia harufu ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani makali kisha kuanikwa juani, nageuza njia. Wenzangu hunicheka: Mnyambo gani anakimbia kahawa? Nawaacha wacheke. Ninyi nitawaambia.

Kwetu ni Nyakasimbi, Karagwe, kwa Wanyambo, nyumba iliyomezwa na migomba pande zote. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alianza kukohoa nikiwa darasa la tatu. Bibi, mama yake mzazi, akamtania, "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haya, umempenda nani tena uzeeni?" Tata akacheka mpaka akashika ubavu. Kumbe mwenzetu ndani anaungua! Siku alipotema damu kwenye shina la mgomba, utani uliisha.

Zahanati wakasema ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa. Hapo ndipo tulipojifunza woga. Tata akapewa kikombe chake, sahani yake, na chumba chenye dirisha lisilofungwa hata mvua inyeshe. Majirani wakawa wanamsalimia wakiwa kulekule migombani, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, kisha mbio. Na huyu alikuwa mwimbaji wa besi kwaya ya kanisani, mtu aliyezoea kukaa katikati ya watu! Asubuhi moja nilimkuta kizingitini akizungumza na mbuzi. "Huyu tu ndiye hanikimbii," akaniambia, akatabasamu. Mimi nilicheka. Mtoto anajua nini?

Dawa zikafanya kazi. Tata akaanza kuomba aongezewe ndizi na maharage, akashika panga, akapogoa migomba miwili mitatu kabla ya kuchoka. Muuguzi akatuambia sasa haambukizi mtu, ila dawa asiziache mpaka amalize. Ee waitu! Bibi alipiga vigelegele palepale kwenye benchi la zahanati. Akasema mwanawe amerudi, na watu waje wamsalimie kama mtu, si kama mbwa mwenye kichaa.

Sasa mjue, kwetu aliyerudi kutoka mbali au kutoka hatarini hapewi mkono tu. Anakumbatiwa, kifua kwa kifua, bega hili kisha bega lile, mkiulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na hakuna anayeharakisha. Kumwachia mapema ni kumtukana.

Ulikuwa msimu wa mvua na senene, na kijiji kizima kilikuwa na mafua. Si ya kamasi tu, ni yale ya homa, ya viungo kuuma mpaka unachukia hata shuka. Darasani tulikuwa tunapokezana chafya, mwalimu naye akijibu. Lakini nani aliyaita ugonjwa? "Mafua hayamlazi mtu hospitali," wakubwa walisema, wakichemsha tangawizi.

Basi wakaja. Bibi alitandika nyasi mpya sakafuni, na kikapu kidogo cha kahawa kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akichukua punje zake na kutafuna. Mmoja mmoja wakamkumbatia Tata. Mwenzake wa kwaya, macho mekundu kwa homa, alimng'ang'ania muda mrefu, akikohoa na kulia shingoni mwake. "Utusamehe, ndugu yetu. Tulikuogopa." Tata naye akalia. Sijawahi kumwona mtu ana furaha kama ile, na mimi nilitamba mbele ya watoto wenzangu kana kwamba kwetu kulikuwa na harusi.

Wiki haikwisha, Tata akashikwa na homa. Akawa anapumua kama mtu anayevuta gogo mlimani. "Mgonjwa haulizwi uji," Bibi alisema, akamnywesha kwa kijiko, na uji ukarudi wote. Wengine wakanong'ona kuwa dawa zimeshindwa, wengine kuwa kati ya wageni alikuwepo mwenye jicho baya. Baba mdogo akaleta bodaboda. Walimfunga Tata kwa kitenge mgongoni mwa dereva, baba mdogo nyuma akimshikilia, Mama akafuata na pikipiki nyingine. Nilikimbia nyuma yao kwenye matope nikipiga kelele, "Tata, rudi!" mpaka nikaanguka.

Walimrudisha amefunikwa.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo Mama aliponieleza. Daktari alimwuliza, "Nyumbani kwenu nani ana mafua?" Mama akajibu, "Sote." Daktari akainamisha kichwa. Akasema mapafu yaliyochimbwa na kifua kikuu hayawezi kubeba na mafua makali juu yake, hata kama mgonjwa anaendelea vizuri na dawa. Wenye homa wangemsalimia kutoka mlangoni, basi. Kutoka mlangoni! Jambo tulilolifanya miezi yote ile, tukaliacha siku ile ile lilipohitajika. Tulikuwa tumefundishwa kujikinga naye. Kumkinga yeye na sisi, hakuna aliyetuambia, na hasira hiyo sijui nimpelekee nani.

Mama alinisihi nisimwambie Bibi, kwa kuwa ndiye aliyewaita watu. Bibi yu hai bado, macho yamefifia, akili iko sawasawa. Kila nikienda Nyakasimbi ananikalisha karibu.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mwanangu alikuwa ameshapona. Alikufa na nini?"

"Sijui, Bibi."

Ananipapasa mkono, ananibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye. "Usilie," ananiambia. "Namshukuru Mungu niliwahi kuwaita watu. Angalau mwanangu hakufa bila kukumbatiwa."