Mfuniko wa Tangi la Polepole

Sindano alikuwa akishona upindo wa sare ya shule mwenyekiti wa madereva alipoingia kibandani mwake, kofia ya pikipiki ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Madereva hawavui kofia kwa fundi cherehani. Husimama mlangoni na kupayuka kwamba suruali imechanika. Alipoiona ile kofia kifuani, mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Kaa, dada," mwenyekiti akasema, na Sindano alikuwa amekaa.

Kaka yake, Polepole, alikuwa amefariki kwenye mlima wa kiwanda cha matofali. Pikipiki yake ya matairi matatu, ikiwa na shehena ya saruji, ilizima katikati ya mwinuko, ikarudi nyuma, ikampindukia. Hakuteseka, mwenyekiti akasema, na akalirudia hilo mara tatu. Kisha akaongeza jambo ambalo afadhali angelimeza: Daktari, fundi wa pikipiki, alifika pale kabla ya wote, akawaambia watu kwamba Polepole alipanda mlima na tangi tupu.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unalisema hilo. Marehemu alikuwa mtu mwema, ila uzembe, jamani. Waliokuja kufariji waliketi kwenye viti vya mama yao, wakanywa chai yake, wakaitikisia vichwa ile habari ya tangi tupu.

Hapo ndipo Sindano alipoacha kulia. Jina hilo hakulipata kwa ajili ya cherehani peke yake.

Polepole aliendesha pikipiki ile ile kwa miaka ishirini na miwili. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumpita mtu barabarani, na kwa sababu hakuondoka asubuhi bila kufungua tangi na kuchungulia ndani kwa jicho moja. Mabenchi ya kanisa aliyabeba yeye, na alipoambiwa ahsante alisema Mungu ndiye mwenye mzigo, yeye ni tairi tu. Sindano alipokuwa msichana ndiye aliyemshikia spana, na somo lilikuwa moja miaka yote: injini ikikosa mafuta, anzia juu. Fungua mfuniko uone kama yamo. Shuka kwenye koki, shuka kwenye chujio, shuka kwenye mpira, ndipo uiguse kabureta. Anayeanza na kabureta, alisema, ni sawa na anayeosha kikombe na birika halina chai.

Mtu kama huyo hapandi mlima na tangi tupu. Ila miezi miwili iliyopita alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, spana zikamshinda, akaipeleka pikipiki kwa Daktari, ambaye ufundi wenyewe aliupata kwa Polepole huyo huyo. Tangu hapo ikaanza kuzima njiani. Daktari aliifungua kabureta mara mbili, akaiosha, akamrudishia.

Mchungaji alipokuja kuomba na familia, alimwona Sindano alivyokaza taya, akamwambia kwa upole kwamba kisasi ni cha Bwana.

"Amina, Mchungaji," akajibu. "Basi na anitume mimi."

Mama yake akakohoa ndani ya mtandio.

Alhamisi asubuhi madereva waliileta pikipiki wakaiacha nyuma ya nyumba. Bodi ilikuwa imepinda, lakini injini na tangi vilikuwa vizima. Sindano alivaa koti la kazi la kaka yake, akakunja mikono, akafungua mfuniko wa tangi. Mafuta yalikuwa zaidi ya nusu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, tabasamu ambalo mama yake, aliyekuwa dirishani, hakulipenda hata kidogo.

Lakini nusu tangi ni ushahidi wa nani? Wangesema amelijaza mwenyewe. Akafunga, akafungua koki, akapiga kiki. Injini ikaitika. Ikanguruma kama robo saa, halafu ikaanza kukohoa, ikazima.

Akafanya alivyofundishwa. Akafungua mfuniko: mafuta yamo. Akafunga, akatazama koki, akatoa chujio, safi. Akapiga kiki, ikawaka. Robo saa nyingine, ikakohoa, ikazima.

Mara ya tatu mkono wake ulikwenda tena kwenye mfuniko, ukasita. Kila inapozima tunafungua juu, akawaza, na kila tukifungua inapona. Je, nisipofungua?

Akauacha mfuniko ulivyo. Akachomoa mpira wa mafuta pale kwenye kabureta, akaukingia kopo. Mafuta yakatoka, yakawa membamba kama uzi, yakawa matone, yakakoma. Ndipo akauzungusha mfuniko. Tangi likavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa, na mafuta yakamwagika kopo likajaa.

Katika mfuniko wa tangi kuna kitundu, mtu akikitazama hadhani kina kazi. Hewa huingia hapo kuchukua nafasi ya mafuta yanayoshuka. Isipoingia, mafuta nayo hayashuki. Kitundu hicho kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya kijivu. Gundi hiyo kila mtu aliijua. Daktari alizibia kila kitu kwa gundi hiyo, hadi kandambili zake.

Sindano akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Aliiona miezi miwili yote: kaka yake anazimikiwa njiani, anafungua juu kama desturi yake, anaona mafuta yamo, anafunga, inawaka, anakwenda. Kila siku alikuwa akiuponya ugonjwa kabla hajauona. Kisha siku ile, katikati ya mlima, saruji nyuma na mkono mmoja mbovu, hapakuwa na nafasi ya kusimama na kufungua kitu.

Alifikiria kumwaga sukari kwenye kila tangi lililokuwa kwa Daktari. Alifikiria kiberiti. Mwisho akauosha mfuniko kwa sabuni, akiiacha gundi ilivyo, akauweka kwenye mkoba pamoja na Biblia yake, akangoja Jumamosi.

Kanisa lilijaa. Daktari alikuwa miongoni mwa sita wa kubeba jeneza, na alipewa nafasi ya kusema kama rafiki. Akasema marehemu alimlea, alimfundisha, ila alikuwa mbishi. "Nilimwonya kuhusu mafuta," akasema. "Lakini ndiyo hivyo, sikio la kufa halisikii dawa."

Sindano akainuka, akaenda mbele, akamwekea mfuniko mkononi.

"Puliza."

Daktari akacheka kidogo. "Dada, leo si siku yake."

"Ndiyo siku yake. Weka mdomo kwenye kitundu, puliza."

Watu mia mbili walikuwa wanatazama. Akapuliza. Mashavu yakamjaa kama puto, macho yakamtoka, hewa isipite. Viti vya nyuma, walikoketi madereva, vikaanza kulia kimoja kimoja, walikuwa wanasimama.

"Nani aliziba?"

"Kilikuwa kinavujisha mafuta kwenye mzigo," Daktari akasema. "Nilidhani ninamsaidia."

"Na tangi tupu?"

Sindano akamngojea kama anavyomngojea mteja akumbuke vipimo vyake.

"Lilikuwa na mafuta," akasema mwishowe. "Nililifungua pale pale mlimani nikaona. Niliogopa."

"Basi jeneza lake hutalishika," Sindano akasema, akauchukua mfuniko wake.

Tusidanganyane: ilikuwa tamu. Mama yake alimtazama. Mchungaji alikuwa anatafuta ukurasa.

Mwenyekiti wa madereva alichukua nafasi ya Daktari kwenye jeneza. Walitembea hadi makaburini kwa miguu, pikipiki zikisukumwa nyuma bila kuwashwa. Wimbo uliimbwa beti zote. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mama akatupa udongo kwanza, kisha Sindano, kisha wengine. Katika sala, walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, Sindano alifunga mdomo hadi maneno hayo yakapita, akaitikia amina. Daktari alibaki langoni, kofia ameishika kifuani, na hakuna aliyemwita. Madereva walipokezana sepetu mpaka shimo likajaa. Msalaba ukasimikwa, jina likiwa limeandikwa kwa rangi nyeupe. Saa kumi na nusu Sindano alimshika mama yake mkono, wakatoka kwa lango lingine.