Bokoboko la Bwana Harusi Asiyekula Nyama

Mpaka leo sili nyama. Sili samaki, sinywi maziwa, sitii samli mdomoni. Nimeambiwa mara nyingi kwamba naharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu, na jibu langu halijabadilika: sijamharamishia mtu kitu. Nimekataa kula tu, kama wewe unavyokataa bamia. Katika hilo sijuti. Ninayoyajutia ni mengine, na yalitokea ndani ya fungate yangu, miaka ya hamsini, nyumbani kwa mkwe wangu hapa Lamu.

Chanzo ni ng'ombe. Nilikuwa nasoma sekondari Mombasa, na likizo moja nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu, kijijini Mbwajumali. Ng'ombe wake alifiwa na ndama, akakataa kukamuliwa. Mjomba akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaishona na kuisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe akairamba ile ngozi, na maziwa yakashuka. Mjomba akanijazia kikombe. Nilikishika mpaka maziwa yakapoa, kisha nikakiweka chini. Nilianza kuacha maziwa, nikaacha nyama, mwishowe samaki. Bwenini hakuna aliyejali. Ukiacha nyama yako, wa kuichukua hakosekani.

Lakini nilipokwenda kuposa sikumwambia mtu. Niliona ni jambo la tumbo langu, haliwahusu.

Kwetu bwana harusi huingia nyumbani kwa mke, na siku zote za fungate hulishwa vilivyo bora kuliko vyote vya nyumba hiyo. Asubuhi ya kwanza liliingia sinia la shaba ambalo mtu mmoja asingeweza kulibeba. Katikati palikuwa na bokoboko la kuku, ngano iliyopikwa na nyama na kupondwa hadi ikavutika, na juu yake dimbwi la samli. Mama mkwe wangu aliliponda kwa mkono wake mwenyewe. Pembeni mayai, asali, maini, maziwa ya moto.

Nilikula mahamri mawili na chai ya rangi, nikalisukuma sinia.

Mke wangu, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa hatujasemezana maneno ya kujaza kiganja, akanitazama. "Bwana, unaumwa?"

Nikamweleza yote, ng'ombe na ngozi yake.

"Na samaki je?"

"Hata samaki."

"Na asali? Nyuki nao wamekukosea nini?"

"Hata asali."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Unajua sinia hili likirudi limejaa watasema nini? Hawatasema hupendi nyama. Watasema umeona ila kwangu, kwamba nina kasoro."

Nilisema huo ni upuuzi wa wanawake. Alikaa, akala bokoboko la watu wawili, akalisawazisha lililobaki kwa kijiko, akapaka samli kando ya sahani ili ionekane mikono miwili imepita hapo. Mchana kutwa alishika tumbo.

Jioni akaja na shauri lake. "Huko shuleni ulikaa na watoto wa nti zote, Wahindi, Waarabu. Wao hula nini asubuhi?"

Kesho yake alimwambia mamake kwamba mumewe ni mtu aliyesoma, amezoea staftahi za ng'ambo, na ni yeye mkewe peke yake aliyeelezwa namna ya kuzipika. Bi harusi kupanda jikoni, ghorofa ya juu, ndani ya fungate ni jambo la ajabu, lakini mkwe wangu alilipokea kwa fahari. Ni nyumba gani nyingine mtaani ilikuwa na mkwe wa staftahi za ng'ambo?

Tukaanza na Bara Hindi: pepeta za mpunga, punje zilizotwangwa zikawa bapa, zilizolowekwa kidogo, zikakaangwa na vitunguu, mbegu za haradali na bizari, zikakamuliwa ndimu. Siku iliyofuata Misri: maharage makubwa yaliyolala kwenye makaa mpaka yakalainika, yakapondwa na vitunguu saumu na kumwagiwa mafuta ya ufuta. Mkwe wangu akawa anapeleka visahani kwa majirani. Nilimsikia ngazini akijibu aliyeuliza staftahi ya yeo ni ya nti gani: "Misri, mwanangu, Misri!" Siku ya Uingereza ilitushinda. Nilimtajia mke wangu wanachokula Wazungu, akaanza kutoa kimoja kimoja: nguruwe, mayai, siagi, maziwa.

"Sasa wamebaki na nini?"

"Mkate na chai."

"Basi Wazungu ni sisi," akasema, akapanda kukaanga nyanya.

Yemen ndiyo iliyotuponza. Alichambua mkate wa mofa ukiwa wa moto, akauponda na ndizi mbivu na tende, akatia mafuta ya ufuta mahali pa samli na asali. Kilikuwa kitamu, na nitakitetea mbele ya yeyote. Lakini kisahani kilifika kwa bibi jirani aliyezaliwa Hadhramaut, na yeye hakukirudisha kwa mtu. Alikileta mwenyewe.

Sisi tulikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Yeye na mkwe wangu walikuwa kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba.

"Bi, hii ndiyo fatta? Samli i wapi? Asali i wapi?"

"Ndivyo walavyo huko kwenu, Bi Mkubwa."

"Kwetu hula hivi mgonjwa! Na zile pepeta, mbona hazikuwa na maziwa? Na yale maharage, nyama i wapi? Huyu bwana hali chenu, Bi. Umempa mwana, na samli yako hali. Muulize ameona nini."

Kisha nikaviona vidole vya miguu vya mkwe wangu chini ya pazia.

"Bwana," akasema taratibu, "kama mwanangu ana ila, niambie mimi. Usiniambie kwa sinia."

Neno moja lingetosha. Mke wangu alinitazama akilingoja. Nami nilikaa na kiburi changu, nikijiambia kwamba silazimiki kumweleza mtu ninachokula. Nilikuwa na haki hiyo. Nilichagua saa mbaya kabisa ya kuitumia, na aliyeilipia si mimi. Vile vidole vikaondoka. Adhuhuri haijaadhiniwa, habari ilikuwa imeshafika msikitini.

Mke wangu hakulia. Alisema tu, "Samli hukuila, sawa. Ulimi nao umeuacha?"

Jioni hiyo nikamwomba aloweke ngano.

Kulipopambazuka nikapanda ngazi mwenyewe. Jiko la nyumba zetu za mawe liko juu kabisa, chini ya makuti, na aliye jikoni kwake huonekana na majiko yote ya mtaa. Nilikuwa nimevaa kikoi na ile fulana niliyolalia. Nikainjika ngano kwa tui la nazi, nikakaanga vitunguu kwa mafuta ya ufuta, ngano ilipoiva nikashika mwiko mkubwa nikaanza kuponda. Haikuchukua muda, vichwa vya wanawake vikatokea.

"Bwana arusi! Umefukuzwa chumbani?"

"Nampikia mama mkwe!" nikajibu kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Kwa mwana aliyenipa!"

"Tumesikia huli chake!"

"Mke wangu hana ila! Mwenye ila ni mimi. Sili nyama, sili samaki, sinywi maziwa, tangu kabla sijamjua!"

"Hata dagaa?"

"Hata dagaa!"

"Basi umeolewa na mbuzi, we mwana!" mmoja akamwita mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kanga mdomoni.

"Mbuzi huyu anapika," mke wangu akamjibu. "Wako je?"

Vicheko vikaruka kutoka jiko hadi jiko. Tangu asubuhi hiyo nikawa Bwana Mbuzi, na jina hilo nimezeeka nalo. Walioliimba hawakupata tena nafasi ya kusema lile jingine, la ila ya mke wangu.

Mkwe wangu alipanda akanikuta jasho linanitiririka na malengelenge yameanza kiganjani. Alichungulia chungu.

"Unaipiga kana kwamba unaua nyoka," akasema. Akaninyang'anya mwiko, akanionyesha: unaubana ukutani mwa chungu, unauzungusha, unauvuta. Hakuniangalia usoni. Alipomaliza aliteka kidogo kwa kidole, akaonja.

"Hili si bokoboko."

"Ni kweli, mama."

Akaonja tena. "Limekosa chumvi."

Akatia chumvi. Tukala sisi watatu pale pale jikoni, sinia moja, kinyume cha desturi yote ya fungate, na majirani wakitazama. Mke wangu alikuwa na kipande cha samaki pembeni. Hakuacha samaki mpaka kufa kwake, wala sikumwambia aache.

Nikajikaza nikaomba radhi, kwa maneno yaliyogongana. Mkwe wangu aliendelea kutafuna.

"Ungenambia siku ya posa," akasema, "ningenunua nazi zaidi."