Jina Ambalo Karani Hakutaka Kuliandika

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa, katika ofisi moja mjini Korogwe. Mbele yangu alisimama mama kijana kutoka Ngombezi, amebeba kichanga mgongoni.

"Jina la mtoto?" karani akauliza.

"Manamba."

Karani akaweka kalamu chini. "Dada, manamba ni wale vibarua wa mkonge wa zamani. Hilo ni tusi. Mtoto atachekwa shuleni."

Tuliokuwa nyuma tukacheka. Mama yule hakucheka. Alimhamishia mtoto kifuani, akasema taratibu:

"Babu yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge. Shambani wakamwandika kwa namba, watu wakamwita Manamba mpaka akafa. Jina alilopewa na mama yake hatulijui. Tumeuliza wazee wote. Hili ndilo tulilonalo."

Karani akaichukua kalamu, akaliandika, herufi moja moja.

Huku kwetu neno hilo nimelisikia tangu utoto, mtu akikataa kuonewa: "Mimi si manamba wako!" Mtu kuitwa hivyo kwa heshima, sijapata kusikia. Na watoto tunaowapa majina ya wacheza mpira wa Ulaya, hakuna karani anayewawekea kalamu chini.

Nje nilimuuliza kama haogopi mwanawe kuchekwa.

"Watamcheka, baba," alisema, akimfunga tena mgongoni. "Atarudi nyumbani aniulize kwa nini anaitwa hivyo. Ndipo nitamsimulia."