Chumvi Kabla ya Mkataba

Baba yangu mdogo alikuwa komisyoneri mjini Lubumbashi. Ndivyo tunavyomwita kwetu dalali wa nyumba. Kila asubuhi alisimama kwenye kona ileile, viatu vimepigwa rangi, na mtu yeyote aliyetafuta pa kupanga aliulizwa kwanza kama ameshamwona yule wa kona. Kibali chake kilikuwa mdomo wake. Sikumbuki hata siku moja akidaiwa karatasi.

Kwa hiyo nilipofika Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikaambiwa kwamba hapa huwezi kufanya kazi ya kuonyesha watu nyumba mpaka dola ikutambue, nilicheka sana. Halafu nikajiandikisha masomo ya jioni, maana ubishi wa ukoo wetu ndivyo ulivyo. Mchana nilisafisha wodi za hospitali kule Woluwe, jioni nilisoma sheria za upangaji na namna ya kutambua unyevu uliojificha nyuma ya rangi mpya. Ilinichukua miaka mitatu. Baada ya hapo yalibaki mazoezi: siku mia mbili chini ya wakala mwenye kibali, kila siku ikiandikwa kwenye daftari na kutiwa sahihi, kisha mtihani wa mdomo.

Siku zile nazikumbuka kwa mapenzi ambayo wakati ule sikuwa nayo. Bosi wangu alikuwa Mbelgiji mrefu, mwembamba, mwenye ofisi ndogo Woluwe-Saint-Lambert iliyonuka kahawa na makoti yaliyolowa. Nyuma ya mlango palikuwa na ubao wa misumari, na kwenye kila msumari ufunguo wenye kijikaratasi chake. Kila jioni kabla ya kufunga alizihesabu funguo hizo kwa kidole, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina. Siku ya kwanza aliniambia, "Diploma umepewa na shule. Kibali ni hizi hapa." Nilidhani mzee anajisikia. Leo ningetoa kitu kikubwa kumsikia akihesabu tena. Nilipenda kutangulia wateja ngazini, kufungua mlango na kunyamaza kidogo, nikiwaacha waone dirisha wenyewe.

Zilikuwa zimebaki kama siku arobaini alipokuja Maman. Hakuwa mama yangu mzazi. Alikuwa mjane wa kanisani kwetu, mtu wa Likasi, ambaye majira yangu ya kwanza ya baridi alinipokea kwake, akaniita ma fille, binti yangu, nikalala kwenye kochi lake miezi minne bila kuulizwa nitaondoka lini. Aliishi kwenye chumba cha chini ya ardhi, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, ukuta ukitoa jasho mwaka mzima, naye akikohoa. Nikamtafutia nyumba. Orofa ya pili, vyumba vitatu, jua la asubuhi. Mwenye nyumba, bibi mzee aliyeishi chini yake, alimpenda. Mkataba ungetiwa sahihi Jumanne.

Jumamosi Maman akaingia ofisini na wenzake wawili wa kikundi cha maombi. Bosi alikuwa ametoka.

"Mutoto wangu, tutaingia je mu nyumba yenye haiyaombewa? Bon, tupatie ufunguo. Une heure, saa moja tu, tunarudisha."

Kwetu hilo si jambo la kujadili. Nyumba huombewa kabla hata mkeka haujaingia: maji na chumvi kila kona, chumba kwa chumba, na nyimbo. Ukishaingiza kitanda umechelewa, umelala na mambo ya watu wengine. Hakuna mtu wa kanisa letu ambaye angeuliza mkataba uko wapi. Nilimfikiria baba mdogo, aliyewapa watu funguo barabarani huku akila karanga. Nikanyoosha mkono nikautoa ufunguo msumarini.

Mama watatu wa kwetu Katanga wakishika wimbo, hawahitaji spika. Bibi mwenye nyumba alikuwa amejilaza baada ya chakula. Alipanda ngazi, akawakuta wamepiga magoti sebuleni mwake, chumvi sakafuni. Jumatatu alikataa mkataba, na akawaandikia barua wale wanaosimamia mawakala.

Bosi nilimweleza ukweli wote. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba wanaweza kunifuta kwenye orodha, na miaka yangu mitatu ikaenda bure.

Tuliitwa, mimi na bosi, kwenye jengo moja refu karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord. Maman alitaka kuja.

"Nitakuya nibaelezee. Ni mimi niliomba ufunguo, donc ni mimi nitajibu."

Nikamwambia hawaruhusu. Haikuwa kweli. Nilimwonea aibu, na kitambaa chake cha kichwani, na chumvi yake. Ndiyo, nilimwonea aibu mwanamke aliyenifunika blanketi.

Mezani walikuwa watatu. Waliniuliza kama nilijua wale wanawake wanakwenda kufanya nini. Nikajibu haraka, kwa Kifaransa safi kuliko chote nilichowahi kusema: hapana, waliniambia wanakwenda kupima mapazia. Walinidanganya.

Bosi alikuwa ameketi kando yangu. Aliangalia mikono yake mpaka tuliporuhusiwa kutoka.

Nikapewa onyo. Niliendelea na mazoezi, nikafaulu mtihani, nikaapa, nikapata nambari ya uwakala. Maman alibaki kwenye ule unyevu baridi nyingine nzima, mpaka mtu mwingine alipomtafutia pengine. Kanisani alinisalimu kama kawaida, nami nikajifunza kukaa viti vya nyuma.

Kibali kukipata ni jambo moja, kukitunza ni jingine. Kila mwaka kuna saa za mafunzo, na kila wanapofika kwenye somo la maadili, mimi huinama natafuta kalamu kwenye mkoba.

Miaka ilipita nikafungua ofisi yangu, vyumba viwili, nambari yangu imebandikwa mlangoni. Asubuhi ya kwanza, meza hazijafika bado, mlango ukagongwa. Alikuwa Maman, amezeeka, na fimbo mkononi, chupa ya maji na pakiti ya chumvi kwenye mfuko wa plastiki. Sikuwa nimemwalika.

"Unaogopa nini? Ufunguo ni ya kwako, leo hakuna atakayetufukuza."

Akaomba chumba cha kwanza, akaomba cha pili. Sauti ilikuwa imepungua, lakini hakuruka kona hata moja. Aliniombea kwa jina langu, na kwa jina la baba mdogo ambaye hakuwahi kumwona. Aliposema amina, akaingiza tena mkono mfukoni, akatoa utepe wa fundi cherehani.

"Bon. Sasa tupime mapazia."

Kumbe alipokwenda kumwomba radhi yule bibi mwenye nyumba, baada ya mimi kuhojiwa, alikuwa amesomewa barua ya majibu ya wale wasimamizi, yenye maneno yangu yote, neno kwa neno. Miaka yote ile alijua. Nikaanza kulia, nikaanza kusema, naye akanipa ncha ya utepe.

"Shika vizuri, ma fille. Unatetemeka, tutapima vibaya."