Meli ya Majina Manne na Kiapo cha Mwinshehe

Mwinshehe bin Seleman wa Dunda alikuwa mpakizi wa mizigo. Meli haikaribii ufuko wa Bagamoyo kwa kuwa maji ni machache. Hutia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa tishali, chombo bapa cha kupakulia. Mwaka 1943 alipanda Hartwell, meli ya serikali iliyobeba katani wakati wa vita, akaambiwa anakwenda kusaidia kupakua Mombasa na Ijumaa atakuwa kwao. Vita vikaihitaji meli kwingine, na habari zake zikakatika. Aliporudi baada ya miezi minane, mkewe Mwaija alikuwa amekwisha kukaa eda ya mjane na kuimaliza, na khitma ya marehemu ilikuwa imesomwa. Wali ulisifiwa.

Mkwewe, Mzee Mbaruku, hakutaka kusikia habari za vita. "Sitaki ahadi. Apa kwa talaka."

Mwinshehe akaapa mbele ya watu: kila atakapoipanda meli ile, Mwaija ameachika talaka moja. Neno "kila" aliliongeza mwenyewe, ili kiapo kiwe na uzito.

Vita vilipokwisha, meli ikauzwa kwa Mgiriki. Akaipaka rangi ya buluu, akaiita Eleni, akatafuta msimamizi wa wapakizi. Mwinshehe alipanda, akafanya kazi kutwa, kisha akaenda kumwuliza Sheikh Bwanausi.

"Uliapia jina au meli?"

"Meli."

"Basi imeanguka moja."

Akamrejea mkewe jioni ile ile, kabla chakula hakijapoa.

Mgiriki naye akaiuza kwa tajiri wa Mombasa, ambaye aliing'oa injini, akatia nyingine na kuiita Lakshmi. Mwinshehe aliwaza siku nyingi. Akaona kwamba meli iliyong'olewa injini imekufa, na hii ni nyingine. Akapanda.

"Wewe ukitiwa meno ya bandia," Sheikh akamwuliza, "Mwaija atakuwa na mume mwingine?"

Ikaanguka ya pili. Mwinshehe akamrejea tena mkewe, lakini safari hii Mwaija alimsubiri mlangoni.

"Imebaki moja, baba Fatu. Ukipanda tena, hunipati mpaka niolewe kwanza na mtu mwingine, naye aniache. Na Rajabu wa buchani ananiuliza habari zako."

"Zangu?"

"Kama una afya."

Mwenye meli wa mwisho, tajiri wa Unguja, aliiita Nasra, akamtaka Mwinshehe kwa jina. Mwinshehe alikubali kwa sharti kwamba hatapanda. Miaka sita akasimamia upakuaji akiwa chini kwenye tishali, akiwapigia kelele watu wa juu, nao wakimshushia chai kwa ndoo. Manahodha wapya walidhani anaogopa ngazi. Hakuwasahihisha.

Mwaka 1956 Nasra iliuzwa Bombei ikakatwe vyuma. Nahodha akafanya karamu ya kuagana. Mwinshehe alikula pilau yake ndani ya tishali, akanawa, akaenda nyumbani kumpa mkewe habari.

Mwaija alikuwa anapepeta mchele. "Vyuma vyenyewe watavifanya nini?"

"Nondo. Labda vitanda."

Ungo ukatulia. "Na ukipanda kitanda cha chuma kile?"

Mwinshehe akavaa kofia yake akaenda kwa Sheikh, mara hii kabla ya kutenda. Sheikh akasema suala hili hajalikuta kitabuni, na kwamba kitanda cha kamba ni kizuri kwa mgongo.

Ndicho walicholalia. Vitanda vya chuma vilipojaa madukani, Mwaija alipita upande wa pili wa barabara.