Sinendet kwenye Geti la Mama Njeri

Juzi huko Litein niliona gari la diwani limefungwa sinendet, na ile harufu ya utomvu ikanishtua.

Sinendet ni mmea wa kutambaa, kwetu tunaufunga getini kukiwa na sherehe. Alasiri moja nikiwa mdogo, watu wa diwani, wale wa chama cha majimbo waliosema wageni warudi kwao, walipita boma kwa boma wakiufunga. Hawakuimba. Mama hakuwakaribisha maziwa.

Geti la jirani yetu Mama Njeri, Mkikuyu mwenye duka, waliliruka. Nilifikiri wamesahau kumwalika. Nikamhurumia, nikakata nusu ya sinendet yetu, nikaenda kumfungia.

Mama akanikuta hapo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Wao hawajawekewa, Mama."

Siku hizi najua geti lisilo na sinendet ndilo lililokuwa likija kuchomwa usiku. Siku hiyo nilingojea kofi tu. Mama aliangalia barabara juu, akaangalia chini. Kwenye majani chai pande zote hapakuwa na mtu. Kisha akanisukuma kando, akafungua fundo langu la kitoto, akalifunga upya, akalikaza kwa meno.