Ndizi za Asiyejulikana

Juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja huku Biharamulo, nasubiri kuitwa. Akaingia mama kutoka Mabawe, Ngara, kapu la ndizi mbivu kichwani, mwanawe amemshika mkono. Akaenda moja kwa moja kwa muuguzi.

"Sista, nionyeshe mwenye hii dawa. Mwanangu sasa anacheza na wenzake!"

Kumbe mtoto alizaliwa na mwili usiotengeneza kinga ya kutosha. Alikuwa akipona kichomi, masikio yanatoa usaha. Tangu aanze kutundikiwa dripu ya protini za kinga kila mwezi, magonjwa yamemwacha apumue.

Muuguzi akatabasamu. "Mama, hizo protini zinatoka kwenye damu ya watu wengi waliojitolea. Wako mbali, hata sisi hatuwajui."

Mama akabaki amesimama, kapu lile lile kichwani. Kwao Ngara, aliyekuponyea mtoto huendi kumshukuru mikono mitupu, na kapu la shukrani kulirudisha nyumbani limejaa ni aibu. Akalitua, akaanza kutugawia benchi zima, akipiga goti kidogo kwa kila mmoja.

"Shikamoo mzee, karibu ndizi," akamwambia jirani yangu.

Mzee akarudisha mkono nyuma. "Marahaba, mwanangu. Lakini mimi sijampa mtoto wako chochote."

"Hata wao, mzee, hawakujua wanampa nani."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Mimi yangu nilikuwa nimeshaila. Nikainuka na ganda mkononi, nikamuuliza sista chumba cha kuchangia damu kiko upande gani.